Kutu Haipigi Hodi

Jioni nyingi za uzee wangu huzimalizia chini ya mwembe mmoja karibu na njia panda ya Sangasanga, pale barabara ya kwenda Mzumbe inapoachana na barabara kuu ya Iringa. Hukaa hapo wazee watatu au wanne. Mmoja alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake. Mwingine ni fundi wa magari ambaye mpaka leo kucha zake hazijatakata grisi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na katika maisha yangu sikuwahi kumiliki gari ila Volkswagen moja kuukuu ambayo niliisukuma zaidi ya nilivyoiendesha. Mazungumzo yetu huanza na bei ya mahindi, au habari za misiba, lakini kabla jua halijatua upande wa Mikumi huwa tumekwisha kufika kwenye magari.

Siku moja kijana wa hapa kijijini alituletea gari lake jipya tulione. Nasema jipya, ingawa lilikuwa limetumika miaka mingi huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Liling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akatuamkia, kisha akauliza: "Wazee wangu, nyinyi mmeona mengi. Hivi gari lenyewe hasa ni lipi? Lipi linadumu?"

Basi ubishi ukaanza. Mzee dereva akasema hakuna gari duniani ila Land Rover, na yaliyobaki ni vitanda vyenye magurudumu. Mzee mwingine akamtetea Peugeot. Mimi nikatia neno langu kwa ajili ya Volkswagen, nikachekwa. Fundi peke yake hakusema kitu. Aliomba spana, akainama kwa shida chini ya lile gari la kijana, akaanza kugonga taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Ngi, ngi, ngi. Halafu, karibu na gurudumu la nyuma, sauti ikabadilika: pu. Akanyanyuka, akajifuta magoti, akasema, "Mwanangu, rangi yako nzuri sana. Lakini huku chini kuna mgeni, na ameshaanza kula."

Wote wakacheka, hata kijana mwenyewe. Mimi sikucheka. Sauti ile ya "pu" nilikuwa nimeisikia mara moja tu kabla ya siku hiyo, mwaka 1987, na tangu hapo haijanitoka masikioni. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza napenda nijibu swali la kijana, maana ni swali zuri, na jibu lake limo ndani ya historia yetu.

Gari analolisifu mzee dereva lilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Waingereza walikuwa wametoka vitani, na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo Maurice Wilks na wenzake katika kampuni ya Rover walitengeneza bodi kwa aluminiamu, ambayo ilikuwa imebaki kwa wingi kutoka viwanda vya ndege. Walidhani wanatengeneza gari la muda, la kumfaa mkulima mpaka hali itengemae. Hilo gari la muda lilitengenezwa, kwa kubadilishwabadilishwa, hadi Januari 2016. Mwezi wa Oktoba 2024 wapenzi wa Land Rover walikusanyika Arusha katika tamasha lao, wakiwa na magari kwa mamia, mengine yakiwa na umri sawa na wajukuu wangu na mengine na umri sawa na wangu.

Kwetu sisi watoto wa mlimani, Land Rover maana yake ilikuwa Serikali. Miaka hiyo ya 1950 wazazi wetu walikuwa wakilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru, katika mpango wa Waingereza wa kuhifadhi ardhi. Gari la kijani lilipoonekana likipanda, wanawake waliacha mazungumzo na wanaume walishika majembe. Mwaka 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo na mpango ule ukaachwa. Lakini gari lenyewe halikuondoka. Baada ya uhuru lilibadili wenyewe tu. Likawa la bwana shamba, la padri, la mganga, na mwishoni likawa la mfanyabiashara anayepakia kabichi na viazi kutoka Nyandira na kuviteremsha kwa njia ya Mlali na Mzumbe, abiria wakiwa juu ya magunia na wengine wakining'inia nyuma.

Wanaomtetea Peugeot nao wana hoja. Tangu mwaka 1953 yalikuwapo mashindano ya magari ya kuzunguka Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na baadaye yakaitwa Safari. Volkswagen yangu ninayochekwa kwayo ilishinda mwaka 1954 na tena 1962. Baada ya hapo Peugeot 404 ikatawala: ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na kwa hiyo sisi Watanzania tuliuona ushindi huo kuwa wetu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yakarudi saba tena. Barabara, matope na mito vilimeza yaliyobaki.

Hesabu hiyo niliwahi kuwapa wanafunzi wangu na kuwauliza, "Je, barabara ilishinda au magari saba yalishinda?" Mwanafunzi mmoja alijibu kwamba walioshinda ni mafundi waliokuwa wakiyakagua magari yale kila yaliposimama. Nilimpa alama zote. Laiti ningelitia jibu lake akilini kama nilivyolitia alama.

Lakini jaribio kubwa la magari katika nchi yetu halikuwa mashindano, wala halikuwa na zawadi. Lilipita hapa hapa tunapokaa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Uingereza ikaweka vikwazo vya mafuta, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipita upande huo huo, ikajikuta imekabwa koo. Mapipa ya mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam. Malori yale yalikwenda na mafuta na kurudi na shaba. Njia ilikuwa karibu kilometa 2,000, na kutoka Morogoro kwenda mbele sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu, na wa kwetu hawakuwa na sababu ya kubisha.

Mimi nilikuwa kijana wa shule. Wakati wa kiangazi malori yalikuja na wingu la vumbi lililoonekana kabla ya mlio kusikika. Barabara ilikuwa imejikunja kama bati la migongo, na gari lililopita juu yake lilitetemeka mpaka nati zikajifungua zenyewe. Wakati wa masika yalizama mpaka kwenye ekseli, utingo wakichimba kwa mikono. Mzee dereva, ambaye wakati huo alikuwa utingo, hutusimulia jinsi walivyoupanda mlima Kitonga, yeye akitembea kwa miguu nyuma ya lori na gogo begani, tayari kulikinga gurudumu likianza kurudi. Kila safari waliyapita mabaki ya malori yaliyotumbukia, na kila safari idadi ilikuwa imeongezeka.

Jehanamu ile ilipungua kidogo kidogo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilianza kazi mwaka 1968. Lami ikaendelea kusogea. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Barabara ikapona, tukadhani magari nayo yatapona.

Hayakupona. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba barabara mbaya ni nusu tu ya hadithi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na malori na mabasi mengi yalikwenda vitani. Yaliyorudi hayakurudi yalivyokuwa. Fedha za kigeni zikaisha, na vipuri vikaisha pamoja nazo. Lori zima liliweza kulala mwaka mzima kwa kukosa beringi moja. Hata pale Kibaha, ambako TAMCO iliunganisha malori ya Scania, kazi ilitegemea vipande vilivyotoka ng'ambo.

Wakati huo ndipo mafundi wetu walipokuwa wachawi. Nimeona springi iliyovunjika ikifungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu na kubeba mahindi hadi mjini. Nimeona tairi likijazwa majani makavu. Nimeona, na sishauri mtu aige, maji ya sabuni yakitiwa mahali pa mafuta ya breki. Kuanzia 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na polepole magari yaliyotumika huko Japani yakaanza kutujia, mpaka leo yamejaa barabarani. Vipuri vya Toyota sasa vinapatikana hata katika miji midogo. Ukiniuliza kwa nini Toyota imewashinda wengine wote, sitakujibu kwamba ni imara kuliko wengine tu. Nitakujibu kwamba ukivunjikiwa na kitu Jumatatu, Jumanne umekipata.

Hapo ndipo jibu langu kwa kijana lilipoanzia. Gari linalodumu ni lile ambalo kifaa chake kipo, fundi wake yupo, na mwenyewe huinama kulitazama chini. Jina lililobandikwa mbele lina maana ndogo kuliko tunavyodhani. Na adui wake mkubwa haonekani barabarani, maana adui huyo ni kutu.

Nilifundisha sayansi kwa miaka mingi, na kutu ilikuwa somo nililolipenda. Chuma hatukipati ardhini kikiwa chuma. Tunakikuta kimeshikamana na oksijeni ndani ya mawe, tunakichoma kwa moto mkali mpaka viachane. Tangu siku hiyo chuma hutafuta namna ya kurudi kwao. Kikipata maji na hewa, kinarudi taratibu. Kikipata na chumvi, kinarudi mbio. Ndiyo maana gari lililozeekea Tanga karibu na bahari huoza kuliko lililozeekea Dodoma. Ndiyo maana pia gari la Japani laweza kutujia likiwa na rangi safi huku tumbo lake limeliwa, kwa sababu katika sehemu za huko zenye theluji humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu.

Aluminiamu ya Land Rover haishiki kutu ya namna hiyo, kwa kuwa hewa huifanyia ngozi nyembamba inayoikinga. Lakini bodi hiyo imekalia chasisi ya chuma. Chasisi ni kama boriti yenye uwazi ndani. Matope huingia kwenye uwazi ule, vitundu vya kutolea maji huziba, na unyevu hukaa humo hata wakati wa kiangazi. Kutu huanzia ndani kuja nje. Juu rangi ipo, ndani chuma kimekuwa kama mkate mkavu. Wahenga walipotuambia kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wameona gari, lakini walikuwa wamemaliza kila kitu.

Haya yote niliyajua mwaka 1987. Niliyaandika ubaoni kwa mkono wangu. Msomaji alikumbuke hilo ninapoeleza yafuatayo.

Nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja. Tulikuwa na gari moja. Aina yake pia sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa la waliolitengeneza. Dereva wetu alikuwa mzee makini, mtu wa maneno machache, aliyelitunza gari lile kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Mara mbili aliniambia kwamba chasisi imeliwa upande wa nyuma. Mara ya tatu hakuniambia. Alinishika mkono, akaniomba niiname nikiwa na suti yangu, akagonga kwa nyundo ndogo. Ngi, ngi, kisha pu. Alinitazama usoni, akasubiri.

Katika fungu letu kulikuwa na fedha za kufanya jambo moja. Tungeweza kukata sehemu ile mbovu na kuchomelea chuma kipya, au kulipaka gari rangi na kushona upya viti vyake. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja mwezi wa Februari, na gari hilo ndilo lingempokea. Nilichagua rangi. Nilimwambia dereva, "Mzee wangu, chasisi tutaishughulikia mwaka wa fedha ujao." Alijibu, "Sawa, Mkuu," na akaenda zake. Mgeni alikuja, akalisifu gari na akanisifu na mimi kwa kutunza mali ya umma.

Mwezi wa Aprili, masika ikiwa imepamba moto, gari lile lilikwenda milimani kuwachukua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Wakati wa kuteremka, kwenye kona, chasisi ilikatika pale pale palipolia pu. Springi ya nyuma ikatoka mahali pake, na gari likaanza kuserereka kuelekea korongoni. Dereva aliligeuza kwa nguvu zake zote na kulibamiza kwenye ukingo wa mlima. Hakuna aliyekufa. Yeye usukani ulimpiga kifuani, na maumivu ya kifua hayakumwacha hadi alipostaafu. Mwanachuo mmoja, binti, alivunjika mkono wa kulia, mkono wa kushikia chaki. Alimaliza mafunzo yake mwaka mmoja baada ya wenzake.

Niliandika ripoti. Mahali palipotaka chanzo cha ajali niliandika maneno matatu: ubovu wa barabara. Na barabara kweli ilikuwa mbovu. Kila aliyeisoma aliikubali, maana katika nchi yetu nani angebisha? Dereva alitakiwa kutia sahihi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akatia sahihi, akanirudishia kalamu, akasema, "Barabara haina mdomo, Mkuu." Hakulizungumza tena mpaka anafariki. Nilihudhuria mazishi yake. Nilitoa rambirambi na nikasimama kaburini kama wengine, lakini lile lililonipasa kumwambia nilirudi nalo nyumbani.

Tangu hapo, kila ninaposikia wazee wenzangu wakilaumu barabara, najiuliza ni mara ngapi tumeibebesha mizigo isiyokuwa yake. Sisemi barabara hazikuua. Ile ya Zambia iliua, na mzee dereva anaweza kuwataja waliokufa kwa majina. Nasema tu kwamba barabara hukuta udhaifu uliokwisha kuwapo. Na udhaifu ule, mara nyingi, alikuwapo mtu aliyeuona, mtu mdogo mwenye nyundo ndogo, na alikuwapo mkubwa wake aliyeona rangi.

Nilimweleza yule kijana habari hii siku chache baadaye, tukiwa wawili tu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Wiki iliyofuata niliona gari lake limenyanyuliwa juu ya mawe mbele ya nyumba ya fundi, magurudumu yametolewa, cheche za kuchomelea zikiruka. Lilikuwa halipendezi hata kidogo. Nilisimama nikalitazama kwa muda mrefu.

Yule binti sasa naye ni mwalimu mstaafu. Nilikutana naye mwaka 2009 mjini Morogoro, akanisalimia kwa furaha, "Shikamoo Mkuu," akanipa mkono ule ule wa kulia, ambao haunyooki sawasawa. Aliwaambia aliokuwa nao kwamba mimi ndiye niliyehangaika kumpatia nafasi ya kurudi chuoni baada ya ile barabara kumvunja mkono. Sikumsahihisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimebakiza miaka michache. Kitabu hiki kikitoka kwa mpiga chapa, nakala ya kwanza nitampelekea yeye, kwa mkono wangu, na nitamwonyesha ukurasa huu.